Nyumba Ambako Hakunywa Maji

Wapendwa, kaeni mkao wa safari, maana leo nawapeleka barabara ya kusini, ile inayofuata pwani kutoka Kibiti mpaka Lindi. Alipita huko kijana mmoja, mwalimu wa hesabu kutoka Njombe, na begi mgongoni utadhani ndilo linalombeba yeye. Mle ndani mlikuwa na hema, biskuti, dawa ya malaria, sindano na uzi, na chupa ya maji ya lita tatu. Kijana huyu alikuwa na tabia ambayo hata mimi naipenda: hakutaka kumsumbua mtu.

Hakwenda kutembea tu, ingawa bahari aliitazama kwa furaha. Alikuwa anatafuta kaburi la baba yake. Baba alikuwa fundi mwashi, alikwenda kujenga makalavati ya kupitisha maji chini ya barabara hiyo wakati mwanawe ana miaka mitatu. Akaugua homa wakati wa mafuriko, magari hayapiti, akafia huko huko na kuzikwa huko huko. Nyumbani ilifika habari ya mdomo tu, na jina la kijiji likapotea njiani. Miaka ishirini na minne mama yake aliuliza swali moja: mume wangu amelala pazuri? Sasa mama mwenyewe alikuwa mgonjwa, hali haipendezi, na kijana alikuwa na likizo ya siku kumi.

Pale Kibiti akapata mwenzake wa safari, kinyozi mwenye pikipiki, mtu wa maneno mengi na tumbo la kutosha. Walipatana vizuri, isipokuwa jambo moja. Kinyozi hakuwa anapita nyumba iliyomkaribisha maji bila kuyanywa. Mnajua desturi: mgeni hupewa maji kwanza, na akishakunywa ndipo huulizwa ametoka wapi na ana shida gani. Kumwuliza kabla hajanywa ni utovu wa adabu. Basi kinyozi huketi, hunywa, huulizwa, hueleza habari za kaburi, huambiwa hapa hatulijui, huuliza korosho zimezaaje mwaka huu, na nusu saa imekwisha. Mwalimu hubaki kwenye pikipiki, ananywa chupa yake na kutazama saa. Yeye alikuwa na mpango wake: ofisi ya kijiji, daftari la vifo, asante, twende. Na madaftari yenyewe mengi yalikuwa ya juzijuzi tu.

Siku moja akamlalamikia mwenzake kwamba maji haya yatawamalizia likizo. Kinyozi akacheka, akamjibu, "Mwalimu, wewe umekuja na kisima chako mgongoni. Mimi sina."

Siku ya tatu wakapata pancha. Kinyozi akainama kwenye tairi, mikono imejaa grisi. Kwenye nyumba iliyokuwa karibu akatoka mama mmoja na kikombe cha bati, amekishika kwa mikono miwili, akamkaribisha mwalimu maji. Mwalimu akamwamkia vizuri kabisa, shikamoo mama, kisha akainua chupa yake. "Asante, mama, usijisumbue. Ninayo."

Mama akaitikia, akarudi ndani na kikombe chake. Kinyozi akamwomba mwenzake angoje kidogo, anawe mikono aende akanywe yeye, lakini mwalimu akamwambia jua linapanda, na wakaondoka.

Niambieni, hapo amekosa nini? Ametukana? Amedharau? Kina mama wa kwaya, kijana mwenye adabu namna ile si mngempa binti yenu leo leo?

Wakafika Lindi, hawakuona kitu. Siku ya tisa wakageuza. Mwalimu alikuwa anatunga namna ya kumwambia mama yake. Njiani kinyozi akapunguza mwendo, akasimama pale pale walipozibia pancha. Mwalimu akamwuliza kuna nini tena. "Njia hii yote nimeruka maji ya nyumba moja tu," kinyozi akasema. "Leo sipiti."

Mama akatoka na kikombe kile kile. Kinyozi akanywa mpaka chini, akashukuru. Ndipo mama akauliza wanatoka wapi na shida yao nini, na kinyozi akaeleza. Mama akamtazama mwalimu usoni, akamtazama muda mrefu. Akainuka, akawaongoza nyuma ya nyumba.

Palikuwa na kaburi kando ya mikorosho, limefagiwa asubuhi ile, limezungushiwa makombe ya baharini, na kichwani pana msalaba wa mbao uliopakwa rangi mpya. Wapendwa, mama huyu ni Mwislamu. Yeye na marehemu mumewe walimpokea mgonjwa wasiyemjua, wakamwuguza, na alipofariki wakamtafuta seremala achonge msalaba, kwa sababu mgonjwa alikuwa amevaa msalaba shingoni. Kila Ijumaa, akitoka kufagia makaburi ya kwao, hufagia na hili. Miaka ishirini na minne! Nani alimtuma? Mimi mchungaji wenu nina makaburi ya ndugu zangu sijayagusa tangu mwaka juzi, na nilipoisikia habari hii niliona haya.

Mwalimu akapiga magoti, akalia sana. Alipoweza kusema, akauliza, "Mama, siku ile nilisimama pale barabarani. Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na maji yako, mwanangu. Mtu mwenye maji yake nitamwuliza shida gani? Baba yako alikunywa kwa mkono wangu siku sita, kwa kijiko. Ungekaa ukanywa, ningekutazama. Uso ni wake."

Kijana akavua begi. Chupa ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Akaiacha humo, akaketi kwenye mkeka, akasema, "Mama, naomba maji."

Sasa sisi. Tunaingia humu kila Jumapili tumejaa. Tunamwamkia Mungu kwa adabu, tunaimba sauti nne, na akitunyooshea kikombe tunainua chupa: usijisumbue, ninayo. Jirani anakuja na uji wakati una mgonjwa ndani, unampokea mlangoni, unamwambia tumeshakunywa, halafu unalalamika kwamba hakuna anayejua shida zako. Atazijuaje? Umemnyima nafasi ya kuuliza. Tunaita ustaarabu, tunaita kujitegemea, na tunazunguka mpaka Lindi kutafuta kitu ambacho kimefagiwa na kutunzwa nyuma ya nyumba tuliyoikataa.

Leo mkitoka hapa, nyumba ya kwanza itakayowakaribisha, ingieni mketi. Mkiletewa maji, nyweni, hata kama hamna kiu.