Pimbi na Chui Aliyesikia Njaa

— Mpo?
— Tupo!
— Mmekaaje?
— Kitako!
— Na miguu?
— Tumeikunja!
— Basi kunjueni masikio.
— Tumeyakunjua!

Naisimulia kama alivyoisimulia bibi yangu, Binti Mshamu. Wajomba husema Pimbi alikuwa na watoto saba. Walikuwa wawili.

Hapo kale palikuwa na Pimbi, na nyumba yake ilikuwa ufa katika jabali. Pimbi ni mnyama mdogo kama sungura, hana mkia, na nyayo zake ni laini. Jua lisipozipasha moto, hazishiki jabali, na akikimbia anateleza. Kwa hiyo kila asubuhi alitoka, akajilaza kuota jua, akauliza: "Miguu, tayari?" Miguu ikisema bado, alingoja. Ikisema haya, aliondoka.

Asubuhi moja alitoka kabla jua halijafika mlangoni. Watoto walikuwa bado ndani. Mara, pu! Mguu wa Chui ukamkanyaga mgongoni.

Chui huyo alikuwa na nguvu, na alikuwa mlafi. Usiku ule alikuwa amekula paa mzima. Alfajiri akala kanga wawili, na manyoya yao.

"Nakula wewe," akasema Chui. "Kisha natia mkono ndani, nawatoa hao wawili. Ufa wenyewe mfupi."

Pimbi akaiuliza miguu yake kimoyomoyo: "Miguu, tayari?"

"Bado," ikajibu miguu. "Baridi kama mtungi."

Basi Pimbi akasema: "Shikamoo, Bwana Chui."

Chui alikuwa amekwisha kufumbua kinywa. Akakifumba. Mlafi alikuwa, lakini kwao alifunzwa: shikamoo haiachwi bila kuitikiwa.

"Marahaba."

"Habari za kwako?"

"Nzuri."

"Za mwili?"

"Za mwili? Nasikia njaa!"

"Unaisikia?"

"Naisikia!"

"Inasemaje?"

Maisha yake yote Chui alikuwa akisikia njaa, na hapakuwa na aliyewahi kumuuliza inasemaje.

"We kijibibi, njaa huwa inasema?"

"Unayeisikia ni wewe, bwana. Mimi nitajuaje?"

Chui akatega sikio. Guruguru. Guruguru. Bwaa.

"Inasema... inasema paa bado yumo. Inasema hakuna nafasi."

"Basi anayedai chakula ni nani?"

Chui akafikiri. Akajilamba. "Ni ulimi," akasema polepole.

— Kama Shemeji Hatibu! akadakia Somoe kutoka mkekani.
— Niache, Somoe, akasema Shemeji. Endelea na hadithi, wali unapoa jikoni.

Jua lilikuwa kwenye ncha ya jabali. "Miguu, tayari?" "Bado."

Chui akaona haya, na haya ikageuka hasira. "Umeniaibisha mbele ya tumbo langu! Sasa nasikia hasira!"

"Unaisikia?"

"Naisikia!"

"Inasemaje?"

Chui akatega sikio. Hhhuu. Hhhaa. Hhhuu. Hhhaa.

"Ni pumzi. Inaingia, inatoka. Inaingia, inatoka."

"Unaivuta wewe?"

"Siivuti mimi. Mimi nimesimama tu."

"Na ukilala?"

Chui akatazama huku na huku, kama anayemtafuta mtu. "Hata nikilala inavutwa. Nani anaivuta?"

Hilo hata Pimbi hakulijua. Jua lilikuwa limeshuka hadi mlangoni. "Miguu, tayari?" "Bado kidogo."

Sauti ya Chui ikashuka. Neno kijibibi akaliacha. "Mama Pimbi," akasema, "nasikia kitu."

"Unakisikia?"

"Nakisikia."

"Kinasemaje?"

"Tikitikitikitiki. Kiko chini ya wayo wangu."

Pimbi alijua ni nini. "Huo ni moyo wangu, bwana. Umeukanyaga. Wako huusikii kwa sababu wangu unapiga kelele."

Hakudanganya hata neno.

"Na mimi ninao?"

"Unao. Inua mguu. Lala kifudifudi, kifua juu ya jabali. Kunja miguu yote minne. Weka sikio chini. Jabali litakuletea."

Chui akainua mguu. Akalala kifudifudi. Akakunja miguu, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Akaweka sikio chini.

Kimya.

Ndu.

Kimya.

Ndu.

Chui akafumbua macho. "Nani amefungiwa humu?"

"Hakufungiwa. Anafanya kazi."

"Tangu lini?"

"Tangu ukiwa tumboni mwa mama yako."

"Hupumzika lini?"

"Hajapumzika."

"Na mimi," akasema Chui, "sijawahi hata kumsalimu."

Akafumba macho. Akanong'ona: "Shikamoo."

Ndu, ukaitika moyo.

"Miguu, tayari?" akauliza Pimbi.

"Haya!"

Pimbi akagonga jabali mara mbili, ko, ko. Mtoto wa kwanza, nyayo zimekwisha kupashwa na jua la mlangoni, akatoka, akapita mbele ya masharubu ya Chui. Wa pili akatoka, akapita mbele ya masharubu ya Chui. Chui hakutikisika. Wakapanda ukuta wa jabali, pale ambapo kucha za chui huteleza, pwii, pwii, pwii, hadi juu.

"Mama, amekufa?" akauliza mdogo.

"Hapana. Anasikia."

Pimbi angeweza kukimbia mbali. Hakukimbia. Alikaa juu akimtazama. Nguvu zote zile zilikuwa zimelala kimya, zinamsikiliza mmoja tu aliye ndani yake. Kisha Pimbi na watoto wake nao wakalaza vifua vyao juani, na jabali zima likawa linadunda chini yao, moyo mkubwa na midogo, ndu, tikitiki, ndu, na hawakujua tena upi ni wa nani. Walikaa hivyo hadi jua la utosini.

Ndipo Chui akakumbuka. Akatia mkono ndani ya ufa. Akakuta mchanga.

"Nasikia njaa," akasema. Na safari hii tumbo likakubali.

Mpaka leo, ukimwona chui amelala kifudifudi juu ya jabali, amekunja miguu, usimwamshe. Anasalimia.

— Mmesikia?
— Tumesikia!
— Basi funzo ni hili: ukisikia njaa, usiulize inasemaje. Kula upesi, kabla hujasalimiwa. Anayeusikiliza mwili wake hulala na njaa. Kunjueni miguu.
— Tumeikunjua!

Shemeji Hatibu alipenda funzo hilo. Akawa wa kwanza kuinuka, akaelekea jikoni. Pu! Akaanguka juu ya mkeka.

— Mguu! Mguu umekufa ganzi!
— Unausikia? tukamuuliza sote.
— Siusikii!

Tukaanza kupakua wali.