Maharage Matatu na Ringi ya Lori

Hapo zamani, si zamani sana, enzi ambazo kengele ya shule ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mfenesi, palikuwa na mwalimu aitwaye Stumai. Shule yake ilikuwa milimani, kule Uluguru. Stumai alikabidhiwa watoto watatu wa darasa la nne ambao kusoma kulikuwa kumewashinda: Mkude, Kibwana na Semeni. Akapewa na chumba cha kuwafundishia, nacho kilikuwa stoo ya mahindi. Basi wenzao wakawabatiza jina, Magunia. "Magunia, mmeamkaje?" "Magunia, leo mnapelekwa mashineni?" Jina hilo liliwauma kweli, msinione nacheka.

Mwalimu mkuu, Mzee Kobelo, akatoa ahadi mbele ya paredi: "Baada ya Ijumaa kumi, gunia… samahani, mtoto atakayekuwa amepanda ngazi kuliko wenzake, ndiye atakayegonga ringi muhula mzima."

Jamani, ringi! Anayegonga ringi ndiye mwenye mapumziko mkononi. Nani atathubutu kumwita gunia?

Ngazi zenyewe zilikuwa hivi. Stumai alichora ngazi tatu ukutani kwa chaki, kila mtoto na yake, na chini ya kila ngazi akabandika haragwe kwa uji mzito. Kila Ijumaa mtoto husoma kadi kwa dakika moja, mwalimu macho kwenye saa, vidole vinahesabu. Ukiongeza maneno matano, haragwe lako linapanda hatua moja. Kadi zilikuwa kumi, lakini mchwa walikula tisa. Ikabaki moja tu, ya mbuzi aliyekula kofia ya bwana harusi. Stumai akasema, "Potelea mbali, kusoma ni kusoma." Akaitumia hiyohiyo Ijumaa zote.

Ijumaa ya kwanza Mkude alisoma maneno matatu, Kibwana mawili, Semeni ishirini. Ijumaa ya pili haragwe la Mkude likapanda, la Kibwana likapanda, la Semeni likabaki palepale. Ijumaa ya tatu la Mkude likaruka, la Kibwana likapanda, la Semeni palepale. Kwa nini? Kwa sababu Semeni akifika kwenye kofia husimama. "Mwalimu, kofia inaliwa, bwana harusi alikuwa wapi?" Dakika imekwisha. Wiki inayofuata: "Mwalimu, na huyu mbuzi alialikwa na nani?" Dakika imekwisha. Stumai alicheka mpaka machozi, kisha akitazama ukuta anahuzunika.

Jioni Mkude na Kibwana walikaa nyuma ya stoo na nakala ya kadi. Mkude anasema maneno bila kutazama, Kibwana anayafuata kwa kidole. Mmoja alikuwa na sikio, mwingine alikuwa na jicho. Stumai aliwaona, akafurahi, hakuuliza.

Ijumaa ya kumi Mzee Kobelo akaingia, tope mpaka magotini, amefura. Kabichi za shule zimegoma kuota mara ya tatu, na darasa la nne zima lilikuwa linateka maji mtoni kila asubuhi kama adhabu ya kumwagilia kivivu. Akabwaga paketi ya mbegu mezani, juu ya kadi kabisa, akaketi ashuhudie mwisho wa shindano.

Mkude akaitwa. Akaokota kilichokuwa juu, akasimama wima, akaanza: mbuzi, kofia, bwana harusi, maneno themanini na matatu bila kumeza mate! Stumai, macho kwenye saa, akapiga makofi.

Semeni akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona mbuzi wa Mkude anatoka kwenye paketi ya kabichi?"

Stumai akasogea, akaweka kidole kwenye paketi. "Mkude, mwanangu, soma hapa."

Mkude akatazama juu, akatazama chini. "Hapa, Mwalimu… hapa mbuzi amelala."

Kibwana akapewa. Akajikokota, jasho linamtoka: "Pan-da m-be-gu ki-na cha sen-ti-mi-ta mo-ja." Alisoma kweli. Semeni akapewa, akasoma polepole, na kama kawaida yake akasimama. "Mwalimu, wameandika mwisho wa kupanda ni mwaka juzi. Sasa sisi maji tumebeba ya nini?"

Mzee Kobelo akakohoa. "Haragwe la Mkude liko juu. Apewe ringi, tumalize, watu wakale."

"Ndiyo, Mwalimu," Mkude akadakia. "Nimepanda hatua kumi na sita. Mlitaka maneno kwa dakika, maneno nimetoa. Na huyu Kibwana kajua kusoma kwa mdomo wangu."

"Mdomo wako, macho yangu," Kibwana akajibu. "Nimepanda hatua nane, na zote nimezisoma. Wewe umekariri mbuzi."

Semeni akatazama haragwe lake, limeota ukungu. "Mimi sijapanda hata moja. Lakini bila mimi mngebeba ndoo mpaka mnaoa."

Stumai aliona haya. Ijumaa kumi amepima, hakuona. Ampe Mkude, asiyeweza kusoma hata jina lake? Amnyime, na ahadi ilitolewa mbele ya shule nzima, na aliyemfundisha Kibwana ni huyohuyo Mkude? Ampe Semeni, ambaye ukuta unasema hajasogea?

Jumatatu shule nzima imejipanga chini ya mfenesi. Stumai ameshika nyundo. Mikono mitatu imenyooshwa mbele yake, na nyuma yake Mzee Kobelo anasonya aharakishe.

Haya, ninyi mliokaa mnachekelea, msinijibu "wote watatu", maana ringi ni moja na nyundo ni moja. Je, nani alistahili kuigonga?