Mrithi wa Ngoma ya Vidole

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema bali zamani ya juzi tu, watu wakiwa wamekwisha kujifunza kupiga video na ofisi zikiwa bado hazijajifunza kuzitazama, palikuwa na mama mmoja mtu mzima aitwaye Bi. Somoe. Wilaya yake siitaji, maana mihuri yake bado ina wino.

Bi. Somoe alikuwa manju wa ngoma ya vidole. Ngoma hiyo haina kuruka wala kukatika. Wanawake kumi na mmoja husimama wima, wametulia tuli, na vidole peke yake ndivyo vinavyocheza: vinakunjwa, vinakunjuliwa, vinapita kama upepo juu ya mpunga. Aliye mbali haoni kitu. Aliye karibu hutokwa na machozi.

Basi Ofisi ya Utamaduni ikawa inaandika upya madaftari yake mawili, daftari la ngoma hai na daftari la ngoma zilizokufa. Kila kikundi kilete video ya dakika saba na jina la mrithi wa ngoma. Bi. Somoe akapeleka video. Baada ya wiki tatu ikarudi na maandishi mekundu: "Wahusika wamesimama tu. Walete nyingine wakiwa wameanza kucheza."

Bi. Somoe akaenda mpaka mezani kwa Bwana Kasyupa, afisa utamaduni.

"Mwanangu, pale tunacheza."

"Mama, nimetazama mara mbili. Nimeona akina mama kumi na mmoja kwenye foleni ya zahanati."

"Na vidole?"

"Vidole sikuviona. Niliona kama kila mmoja kashika tonge la ugali."

"Sasa?"

"Sasa Ijumaa saa tisa na nusu nafunga daftari. Nisipoviona, naiandika ngoma kule kwa marehemu."

"Mimi niko hai, ngoma yangu ifeje?"

"Pole, mama. Wewe huna daftari."

Bi. Somoe akarudi nyumbani akatangaza. Katika ngoma ile upo mkunjo wa mwisho, ambao manju huucheza mkono ukiwa ndani ya kanga. Hata wachezaji wenzake hawajauona. Hufundishwa mtu mmoja tu, na huyo ndiye mrithi. "Atakayemfanya yule afisa avione vidole vyetu," akasema, "awe mwanamume, awe mwanamke, huyo nitamfundisha."

Wakajitokeza watatu. Mpo? Wahesabuni.

Wa kwanza, Likwata, mpiga picha. Video ile iliyokataliwa aliipiga yeye, kwa mbali, kivulini, akikimbia jua. Safari hii alilala kifudifudi miguuni pa wachezaji na kamera yake ya mkononi, kwa saa tatu nzima. Siafu wakamwingia kwenye suruali. Wakapanda. Likwata hakusogea, kamera haikutikisika. Machozi tu yalimtoka, na akina mama wakadhani ngoma imemgusa.

Wa pili, Tausi, mhariri katika studio ya mjini. Akapokea saa tatu za vidole, akatakiwa azifanye dakika saba. Siku nne Bi. Somoe alikaa ubavuni kwake.

"We mtoto, hapo umemkata kidole cha shahada!"

"Bibi, kipo, kinakuja."

"Kinakuja lini, na gumba limeshatangulia?"

Tausi akarudisha, akakata, akarudisha tena. Siku ya nne Bi. Somoe akanyamaza, na kwake yeye kunyamaza ndiko kusifu.

Wa tatu, Chitanda, fundi kompyuta. Maana video ikishakatwa bado haijawa video. Ni vipande na maagizo tu, mpaka kompyuta ivipike viwe kitu kimoja. Wenyewe huita kurenda. Na safari ya kwanza, vidole vilifia hapo. Tausi alikuwa ananyoosha mkono kubofya kitufe cha siku zote, kilichoandikwa HARUSI, kinachoibana video mpaka iingie kwenye simu ya shangazi. Chitanda akamzuia.

"Ile ya kwanza uliirenda mara ngapi?"

"Tatu tu. Nikairenda. Nikaiingiza tena kuweka majina, nikarenda. Nikaiingiza tena kuweka maua."

"Dada, ulitoa kivuli cha kivuli cha kivuli. Hata cheti cha kuzaliwa hakisomeki namna hiyo."

Chitanda akakiacha kitufe cha HARUSI. Majina yakawekwa kwanza. Akaweka ukubwa uleule wa kamera, idadi ileile ya picha kwa sekunde, akakataa kubana, akarenda mara moja tu, kutoka kwenye video ya asili. Alhamisi alfajiri kompyuta ikaanza, ikachemka, Chitanda akaipepea kwa ungo mpaka alasiri. Likatoka faili zito lisiloingia kwenye CD, na ofisi hupokea CD tu.

"Punguza kidogo," Tausi akasihi.

"Nipunguze kidole cha nani?"

Ijumaa saa nane na nusu Chitanda alikuwa getini na kompyuta nzima kwenye baiskeli, wenzake na Bi. Somoe wakimfuata. Mlinzi akaiandika kwenye daftari la wageni. Jina: Kompyuta. Anakotoka: studio. Shida: binafsi.

Bwana Kasyupa akatazama. Dakika ya kwanza akavaa miwani. Dakika ya tatu akasogeza kiti. Dakika ya tano kidole chake cha mwisho kikaanza kucheza chenyewe juu ya meza, akakificha chini ya faili. Akagonga muhuri: HAI.

"Jina la mrithi," akasema. "Mstari ni mmoja, na sasa ni saa tisa na dakika ishirini."

"Andika Likwata," akasema Likwata, bado anajikuna. "Kisichopigwa hakikatwi wala hakirendwi. Na siafu hawakuing'ata kompyuta."

"Ungesogea karibu tangu mwanzo, siafu hao ungekwisha kuwazoea," akadakia Tausi. "Andika Tausi. Nani angekaa kutazama saa tatu za vidole? Bibi mwenyewe alisinzia."

"Nilikuwa nawaza," akasema Bi. Somoe.

"Andika Chitanda," akaingilia fundi kompyuta. "Safari ya kwanza hawa walipiga na walikata. Wakaambiwaje? Foleni ya zahanati. Safari hii aliyeongezeka ni mimi."

Tausi akamgeukia polepole. "Kaka Chitanda, kile kitufe cha HARUSI, nani alikitengeneza pale studio?"

Chitanda akatazama dari. "Ni miaka sita sasa. Na nilikitengenezea harusi."

"Hukusema kisitumike kwingine."

"Kimeandikwa HARUSI, dada!"

Hapo Bwana Kasyupa akakohoa. "Naomba kuwasilisha, kwa unyenyekevu, kwamba ofisi isingeikataa video ya kwanza, hii ya pili isingekuwepo. Pia sharti lilikuwa afisa avione vidole. Afisa ameviona."

"Baba, wewe ulitaka kunizika."

"Kwa kufuata utaratibu, mama."

Bi. Somoe akachukua kalamu. Akamtazama aliyeumwa na siafu, baada ya kukaa kivulini. Akamtazama aliyekata kwa siku nne, baada ya kurenda mara tatu. Akamtazama aliyeiponya video ugonjwa alioutengeneza mwenyewe. Akamtazama na yule aliyekificha kidole chini ya faili, kidole ambacho, kusema kweli, kilikuwa kimeushika mwendo.

Ni saa tisa na dakika ishirini na nane. Mstari ni mmoja, na mkunjo wa mwisho hufundishwa mtu mmoja. Haya, ninyi mliosikiliza mkacheka: kalamu ingekuwa yenu, mngemwandika nani?