Mkurugenzi Fisi na Shimo la Mchana

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa na nini?
Pakawa na kampuni.
Na kampuni ikawa na nani?
Ikawa na bosi, tukome.

Hapo kale wanyama walikuwa na kampuni ya kuchimba visima, na mkurugenzi wake alikuwa Fisi. Cheo alikipataje? Alikuwa na sauti kubwa na meno makubwa, basi. Jembe hakuwahi kulishika.

Asubuhi hupanda juu ya kichuguu na kutangaza mwelekeo. "Chimbeni mashariki." Wanyama wakachimba, kwachu, kwachu, kwachu. Mchana akiamka usingizini kashabadili mawazo. "Nani kawaambia mashariki? Fukieni. Kesho magharibi." Wakafukia, pu, pu, pu. Kesho yake magharibi, kwachu, kwachu, kisha pu, pu, pu. Mikono ikawatoka malengelenge, na maji wasiyaone hata tone.

Na jioni lazima apatikane wa kulaumiwa, naye ni msimamizi wa siku hiyo. Fuko aliliwa kwa kuchimba pale pale alipoambiwa. Kanga aliliwa kwa kuuliza, "Mkurugenzi, kwa nini tufukie?" Fisi akajilamba manyoya mdomoni, akatoa amri: "Kuanzia leo, jua likifika utosini, shimo lolote lililo wazi lifukiwe. Na asiulize mtu." Mshenzi yule. Na wao wakampigia makofi huku machozi yanawatoka.

Asubuhi akamteua Nguchiro. "Leo msimamizi ni wewe."

"Ahsante, mkurugenzi," akasema Nguchiro. Alijua jioni ataliwa. Aliogopa, lakini hasira ilizidi woga, maana Kanga alikuwa jirani yake.

Wakachimba, kwachu, kwachu, shimo likaenda chini. Nguchiro akakimbia hadi kichuguuni, akanong'ona: "Mkurugenzi, kule chini kuna mifupa ya nyati mzima, ina mafuta. Wafanyakazi wanataka kugawana."

"Wagawane? Mali ya kampuni ni yangu. Watoke wote, nashuka mwenyewe."

Akashuka. Tangu kampuni ianze, ndiyo mara ya kwanza mkurugenzi kufanya kazi. Kwachu, kwachu. "Mbona siioni?"

"Chini kidogo tu, mkurugenzi."

Kwachu, kwachu. "Mbona siioni?"

"Chini kidogo tu, mkurugenzi."

Jua likafika utosini. Nguchiro akawageukia wenzake. "Shimo liko wazi?"

"Liko wazi."

"Basi amri mnaijua."

Pu, pu, pu.

"Nani anafukia? Acheni," Fisi akabweka kutoka chini. Majembe yakasimama. Macho yote kwa Nguchiro. Wakiacha, Fisi atapanda, na Nguchiro ndiye chakula cha jioni.

Nguchiro akainama ukingoni. "Mkurugenzi, ukisema chimbeni, baadaye husema fukieni. Sasa unasema acheni, baadaye utasema endeleeni. Sisi leo tumekuwahi."

"Lakini kwa nini?" Fisi akalia.

"Kanga naye aliuliza hivyo hivyo," akasema Nguchiro, akachukua jembe.

Pu. Pu. Pu.

Hadithi imekwisha, udongo umeshindiliwa. Funzo lake, wenzangu, ni utii kazini. Bosi akitoa amri, itekelezeni mpaka mwisho, wala msimuulize kitu.