Kiapo cha Lubaba Penye Lango la Gereza

Wamepokea wakubwa wetu kutoka kwa wakubwa wao, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba katika mji mmoja wa kando ya mto, huko nchi ya Iraki, aliishi mwanamke mcha Mungu akiitwa Lubaba binti Sahli. Kazi yake ilikuwa kusokota sufu. Mumewe, Mundhiri, alikuwa mshona matandiko ya ngamia, mtu wa ibada na wa sadaka, ila alikuwa na hasira za karibu. Siku moja alizozana sokoni na fundi mwenzake aitwaye Huraithi juu ya kipande cha ngozi. Maneno yakapanda, na Mundhiri akamrushia msharasi aliokuwa akitobolea ngozi. Msharasi ule ulimpata Huraithi jichoni, na jicho likafa.

Mundhiri hakukimbia wala hakukana. Huraithi alikataa fidia, akakataa pia kulipiza kisasi. Basi Kadhi wa mji akahukumu kifungo cha miaka kumi.

Siku ile Lubaba alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alijifungua mtoto wa kike, akamwita Unaisa, na mtoto huyo akakua akimjua baba yake kwa jina tu. Kwa kuwa gereza la zama zile halikuwalisha wafungwa chakula cha kutosha, kila wiki Lubaba alipanga foleni langoni pamoja na wanawake wenzake, kapu kichwani. Askari walichokoa mikate yake kwa kijiti kutafuta kisu, wakamrudishia ikiwa imevunjikavunjika, naye akasema, "Mungu awalipe heri," akasogea. Jamaa zake walimshauri adai talaka angali kijana. Aliwajibu, "Amekosa, na anatumikia kosa lake. Niacheni na mimi nitumikie subira yangu." Na katika kila sijida aliomba dua moja: "Ya Rabbi, nirudishie baba wa mwanangu."

Mwaka wa saba ulipotimia, askari wa gereza walimshuhudia Mundhiri mbele ya Kadhi kwamba amewafundisha wenzake kusoma, amewauguza wagonjwa, na hajainua mkono juu ya mtu. Kadhi akaamua amalizie miaka mitatu iliyobaki nje, kwa masharti. Alale nyumbani kwake. Kila Ijumaa baada ya sala afike langoni aonekane. Na asivuke daraja kwenda ng'ambo ya pili ya mto, anakokaa Huraithi, ili aliyedhulumiwa aishi bila hofu ya kukutana naye. Mkewe awe shahidi: kila Ijumaa ale kiapo kwamba masharti yametimizwa. Sharti moja likivunjwa, Mundhiri atarudi ndani amalize miaka yake mitatu.

Lubaba alidhani shida imekwisha. Kumbe mtu hutoka gerezani siku moja, lakini gereza humtoka kidogo kidogo. Mundhiri alisimama mbele ya mlango wa chumba chake akingoja afunguliwe, na mlango ulikuwa wazi. Alikula harakaharaka, mkono umekumbatia bakuli. Alimwomba mkewe ruhusa ya kwenda uani. Unaisa alijificha nyuma ya mama yake kila alipoitwa, na ilipita miezi miwili kabla ya kukubali kupokea tende mkononi mwa baba yake. Mafundi sokoni walimwitikia salamu, lakini alipotaja kazi kila mmoja alikumbuka shughuli nyingine. Hata msikitini, safu zilipopangwa, watu walisitasita kusimama begani kwake. Mundhiri alisema, "Wana haki," akaenda kubeba kuni.

Mwezi wa tatu, habari zikavuka mto kwamba Huraithi anaumwa sana na huenda asipone. Mundhiri hakula siku ile. Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri, alitoka bila kuaga, na aliporudi alasiri miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu, na vumbi la rangi ile halipatikani upande wao wa mto. Lubaba alimtazama miguu, kisha usoni.

"Baba Unaisa, umetoka wapi?"

"Nimevuka daraja."

Lubaba akakaa chini palepale alipokuwa.

"Nimeogopa afe hajaniridhia," alisema Mundhiri. "Kosa langu na Mola wangu nimelililia miaka saba. Lakini jicho ni haki ya mja, nani atanisamehe asipokuwa yeye? Nilibisha hodi. Dada yake akachungulia, akanijua, akanifukuza. Nikarudi."

"Nani mwingine amekuona?"

"Sidhani kama yupo aliyenijua."

"Basi hukuvuka," alisema Lubaba. "Nawa miguu. Hukuvuka, na mimi sikusikia kitu."

"Mama Unaisa, Ijumaa ni wewe utakayeapa."

"Nitaapa!" Sauti yake ilipanda hadi mtoto akageuka. "Miaka saba nimesimama juani na kapu lile. Mtoto ndiyo kwanza ameanza kukuita baba. Unataka niende nikakukabidhi kwa mikono yangu?"

Mundhiri aliinamisha kichwa. "Sikuambii uape, na sikuambii usiape. Nikiulizwa mimi, nitasema kweli. Lakini hawaniulizi mimi."

Siku mbili zile Lubaba aliuzoesha ulimi wake maneno ya kiapo. Aliyasema akisokota, akayasema akikanda unga, na yalitoka bila kukwama. Ijumaa akamshika Unaisa mkono, wakafuatana na Mundhiri hadi langoni. Mkuu wa gereza aliketi kivulini na karatasi zake. Alikuwa mzee mpole, amekwisha kumzoea mama huyu.

"Haya, bibi," alisema. "Unashuhudia kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba mumeo amelala nyumbani kwake, na hakuvuka daraja?"

Lubaba akafungua kinywa. Pembeni, wanawake wenye makapu walikuwa wamepanga foleni, na mmoja wao, mwenye mimba, alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza kwa dua. Lubaba aliijua dua ile bila kuisikia. Ni yake. Ameiomba miaka saba penye ukuta huuhuu, na aliyemwomba alimjibu. Akajiuliza moyoni: Nimempata mume wangu kwa kumwomba Mola wangu, leo nimzuie kwa kulitaja jina Lake juu ya uongo?

"Amelala nyumbani," alisema. Yule mzee akaandika, kisha akainua macho asikie la pili. "Lakini daraja amelivuka. Jumatano. Alikwenda kuomba radhi kwa mtu anayekufa, akafukuzwa, akarudi. Hakumgusa mtu. Lakini amevuka."

Mzee akaweka kalamu chini. "Bibi, hakuna aliyeleta habari hiyo kwetu."

"Najua."

"Unajua itakuwaje?"

"Najua, baba. Andika."

Wakamchukua Mundhiri. Alimtazama mkewe mara moja tu, akasema, "Mungu akuweke," akaingia. Unaisa alilia akimwita baba kwa sauti, mara yake ya kwanza kumwita hivyo mbele za watu.

Msidhani, ndugu zangu, kwamba Lubaba alirudi nyumbani na moyo uliotulia. Wanaosimulia kisa hiki hawakusema hivyo. Wamesema alitupa pia yake ya kusokotea ukutani, akalia hadi sauti ikakauka. Jirani zake walinong'ona kwamba amemuuza mumewe. Mama yake mzazi alimwambia, "Ukweli wako umekupa nini?" Lakini adhana ilipoadhiniwa aliinuka akatawadha, na katika sijida akaiomba dua ileile tangu mwanzo, kama mtu aliyeanza kufuma upya nguo iliyofumuka.

Kwa siku kumi hali ilikuwa hiyo. Siku ya kumi na moja Kadhi aliitisha baraza, kwa kuwa aliona sharti la daraja liliwekwa kwa ajili ya Huraithi, na haifai kulihukumu bila kumsikiliza. Huraithi alikuwa amepata nafuu kidogo. Alikuja juu ya punda, dada yake akimshikilia ubavuni, akaketi na kuugeuzia ukuta uso wake ili asimwone Mundhiri.

"Siku ile niliisikia sauti yake mlangoni," alisema. "Nilitetemeka. Nilidhani amekuja kunimaliza. Dada yangu aliponiambia amekuja kuomba radhi, sikuamini. Nilisema anataka nimsafishe kabla sijafa. Kisha nikasikia kwamba mkewe amekataa kuapa, ilhali hakuna aliyewaona."

Akapumzika, pumzi ikimsumbua.

"Nikasema, nyumba isiyodanganya hata kwa jambo lile, basi na radhi aliyokuja kuiomba ni ya kweli. Kadhi, andika: jicho langu nimemsamehe mbele ya Mola wetu. Lakini uso wake sitaki kuuona. Hilo sijaliweza."

Mundhiri alilia kwa sauti.

Kadhi akasema, "Mundhiri, ulimtisha mgonjwa nyumbani kwake, hata kama nia yako ilikuwa njema. Ungetuma mtu. Siku hizi ulizokaa ndani ni adhabu yako, nazo zinatosha; rudi nyumbani kwako. Sharti la daraja linabaki." Kisha akamgeukia Lubaba. "Na wewe, bibi, kuanzia leo hutaapishwa tena. Utakuja langoni, utasema neno lako, nalo litaandikwa."

Jioni ileile, wasimulizi wanasema, fundi mmoja wa matandiko aliyekuwepo barazani alibisha hodi kwa Lubaba akauliza kama mumewe ataweza kuanza kazi Jumamosi. Miaka mitatu ikaisha, masharti yakaondolewa, na Mundhiri bado hakuvuka daraja. Alisema, "Mtu ameniomba nisimwonyeshe uso wangu." Alivuka siku moja tu, mwaka wa nne, Huraithi alipofariki. Alisimama nyuma kabisa ya watu. Jeneza lilipotolewa akasogea, akatia bega. Dada yake Huraithi alimwona kutoka mlangoni, na hakumfukuza.

Tumezoea kudhani subira ni kungoja tu. Lubaba alingoja miaka saba, na huo haukuwa mtihani wake mkubwa. Mtihani ulikuja alipokwisha kupewa alichokiomba, akatakiwa akishike kwa mkono safi au akiachie. Na tuwakumbuke walio ndani ya kuta, na wanaosimama nje yake na makapu, na wanaotoka wakakuta milango iko wazi na wasiweze kuipita. Mola wetu awafungulie, na sisi atupe ndimi zinazosema kweli hata pale ambapo hakuna aliyeona ila Yeye.