Tufe la Naftali na Kipande cha Msasa

Mtu mmoja alikuwa na tufe alilorithi kwa baba yake. Lilikuwa jeusi, zito, lenye matundu matatu ya vidole, na lilikaa ndani ya mfuko wa turubai. Humo mfukoni mlikuwa na vitu vingine viwili: kitambaa laini cha kung'arishia, na kipande cha msasa, ile karatasi yenye mchanga ambayo maseremala husugulia mbao. Kitambaa alikitumia kila siku. Msasa hakuujali, alidhani kuna fundi aliyeusahau humo. Ndugu zangu, ukumbukeni huo msasa.

Mtu huyo aliitwa Eliamani, na kazi yake ilikuwa udobi. Jumamosi alicheza bolingi katika ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa reli. Mchezo wenyewe si mgumu kueleza: unavingirisha tufe juu ya njia ndefu ya mbao, na mwisho wa njia pini kumi zimesimama zinakungoja. Ukiziangusha zote, watu wanakushangilia. Ukibakiza moja, desturi ya ukumbi ule ni kwamba unaielekea, unainamisha kichwa na kuiamkia, "Shikamoo," kwa kuwa imekuzidi. Na ukumbi mzima unaitika kwa niaba yake, "Marahaba!"

Baba yake, Naftali, alikuwa amecheza nafasi ya nne, yaani ya mrushaji wa mwisho, katika kikosi cha ukumbi ule kwa miaka ishirini na sita. Eliamani alipokuwa mtoto, tufe la baba yake liling'aa hata ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama humo. Akilirusha, lilikwenda pembeni mwa njia kana kwamba linapotea, kisha karibu na mwisho lilikata kona na kuingia katikati ya pini, zikatawanyika zote. Mzee alipofariki, kikosi kilimpa mwanawe nafasi ile, kwa heshima.

Eliamani alimpenda baba yake, na kwa mapenzi hayo alilitunza tufe. Mchana alinyoosha mashati ya watu. Jioni aliketi na kitambaa akalisugua tufe, ambalo lilimfikia limefifia, mpaka likawaka. Lakini kwake tufe halikukata kona. Lilikwenda moja kwa moja, likapiga pini za mbele, na pini ya pembeni kulia ikabaki imesimama, haina habari. Akaiamkia. Jumamosi iliyofuata akaiamkia tena. Miezi tisa aliiamkia pini ile ile, hata watu wakaanza kuiita mkwe wake. Naye kila aliposhindwa alirudi nyumbani akazidisha kung'arisha, akijiambia kwamba mng'aro haujafika ule wa baba.

Ikafika wiki ya shindano kubwa la mwaka. Nahodha, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimweleza kwa upole kwamba mazoezi ya Ijumaa yakienda vilevile, nafasi ya nne atapewa mtu mwingine. Eliamani aliumia sana. Mchezo angeweza kuuacha. Hakuweza kustahimili kwamba nafasi ya baba yake ifie mikononi mwake.

Ijumaa mchana aliwahi ukumbini kabla ya wenzake. Alirusha tufe mara tano, akaiamkia pini mara tano, na hapakuwa na mtu wa kuitika isipokuwa Mama Kunda. Huyu alikuwa mama mtu mzima ambaye hajawahi kurusha tufe maishani mwake. Kazi yake ilikuwa kuzipaka njia mafuta, na alizijua mbao zile kuliko wachezaji wote. Tufe liliporudi, alipitisha kidole juu yake, akakitazama kidole kilivyoteleza kwa mafuta ya njia, akasema:

"Mwanangu, baba yako aling'arisha kwa sababu njia za wakati wake zilikuwa kavu. Mwaka nilipoanza kuzipaka mafuta, tufe linalong'aa likawa linateleza tu bila kushika mbao, naye alikaa pale kwenye benchi akalikwangua tufe lake kwa msasa, tena huku anaimba."

Eliamani alifungua mfuko. Akautoa ule msasa, kana kwamba anauona kwa mara ya kwanza. Ulikuwa umelika katikati, mahali pa kidole gumba. Akaweka kidole gumba chake pale, kikaenea.

Hata hivyo haikuwa kazi rahisi kwake. Dobi hazoei kuharibu kitu kilichonyooka. Alipoanza kukwangua, weusi ule uliong'aa ulififia mbele ya macho yake, na sura yake mwenyewe ikatoweka humo. Alilia kidogo. Halafu, akiwa katikati ya kazi, akajikuta anaimba wimbo ambao baba yake alipenda kuuimba akinawa uso, na machozi yakakata.

Msidhani mambo yalinyooka hapo hapo. Katika mrusho wa kwanza tufe lilishika njia mapema mno, likapinda kushoto, likatumbukia kwenye mfereji ulio kando ya njia bila kugusa hata pini moja. Mama Kunda alicheka mpaka akajishika mbavu. Eliamani alikuwa amezidisha msasa. Basi akachukua kitambaa, akalisugua kidogo tu, akarudi kwenye njia, akajaribu tena. Msasa kidogo, kitambaa kidogo, huku akiitazama njia. Wenzake walipofika walimkuta ameketi sakafuni, amechafuka vumbi jeusi hadi kwenye kope, anacheka peke yake. Nahodha alilitazama tufe likipita mara tatu, akakunja karatasi yenye jina la mtu mwingine, akaitia mfukoni.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Timu ya wageni ilicheza vizuri, na mpaka mwisho timu zilikwenda sambamba. Ukabaki mrusho mmoja, wa nafasi ya nne. Wageni waliona tufe lile limefifia kama sufuria kuukuu, wakatabasamu. Eliamani alilirusha. Likaenda pembeni, likaenda, watu wakainuka vitini. Kisha likakata kona kama la baba yake. Pini tisa zikaruka. Ya kumi, yule mkwe wake wa miezi tisa, ikayumba, ikasimama, ikafikiri, ikalala.

Pini zote kumi zilikuwa chini. Ndipo kule nyuma Mama Kunda, kopo la mafuta mkononi, akapaza sauti, "Marahaba!" ingawa hapakuwa na mtu aliyeamkia, ila ile pini iliyolala. Watu wakaangua kicheko, wakapokea wote, wageni nao wakiwemo, "Marahaba! Marahaba!" na Eliamani akacheza katikati yao na tufe lake lisilong'aa akiwa amelikumbatia kifuani. Nilikuwepo. Mimi mwenyewe sauti ilinikauka siku mbili, na Jumapili nilihubiri kwa kunong'ona.

Ndugu zangu, mtoto alikuwa ameuona mng'aro mikononi mwa baba yake, lakini hakuwahi kuona macho ya baba yake yalikuwa yanatazama wapi. Yalikuwa yanatazama njia. Na wewe unayelinda sana kile ulichoachiwa: njia iliyo mbele yako leo umeigusa lini kwa kidole?