Fisi na Orodha ya Utajiri wa Mlima Kishenge

Mwaka ule mvua za vuli zilipita juu ya Mlima Kishenge bila kubisha hodi, na za masika zikafuata njia hiyo hiyo. Kule tambarare nyasi zilikauka hadi mizizini, na wanyama wa mbugani wakaanza kutazamana vibaya.

Mlimani kulikuwa na nafuu, lakini nafuu hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Pimbi, ambao ni wadogo na hawana pembe wala kucha za kujivunia, walikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa la kuchimbwa kwa mikono, na lao lilikuwa chini ya chemchemi moja nyembamba. Kila jioni mwenye zamu alikwenda kuziba tundu la chini kwa jiwe, majani na udongo. Maji yalijikusanya mpaka alfajiri, bwawa likajaa pomoni. Asubuhi tundu lilizibuliwa, maji yakashuka kwa nguvu mferejini hadi mashamba ya tangawizi na maharage, na ikifika adhuhuri ndiva ilikuwa imebaki tope. Jioni akaja mwingine kuziba. Mambo yalikwenda hivyo tangu enzi za mababu, na hakuna pimbi aliyewahi kuyaita uchumi.

Msimamizi wa zamu alikuwa Mama Nakiete, pimbi mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Mwaka huo alikuwa na hofu, na ilikuwa hofu ya haki. Mbegu ya tangawizi ya mlima mzima ilikuwa ardhini, katika kitalu kilichokuwa hatua chache chini ya ndiva. Ikikosa maji siku kumi, imekufa. Ikifa, hakuna cha kupanda tena, na watoto wa pimbi hawajajifunza kula mawe.

Simba, mkuu wa wilaya yote, mlima na mbuga, alisikia kwamba mlimani bado kuna kijani. Hakuuliza kwa nini. Alitikisa manyoya ya shingo, akasema wilaya yake ni tajiri ila utajiri wake haujaandikwa, akaagiza aletewe orodha ya rasilimali zote ndani ya siku tatu.

"Mali bila daftari hupotea bila habari," akasema Fisi, akajitolea kwenda kuandika. Hakuna aliyekumbuka lini Fisi alijitolea mara ya mwisho.

Fisi alifika mlimani asubuhi na mapema, tundu bado halijazibuliwa. Akaikuta ndiva imejaa, inameremeta. Moyo wake uliruka kwa furaha, na mate yakamtoka.

"Mama, ziwa hili ni la nani?" akamuuliza Mama Nakiete.

"Si ziwa, baba, ni ndiva. Ina kazi yake, kila jioni inabidi..."

"Nimeuliza ni la nani. Kazi yake sijaiuliza."

"Ni letu sote."

Fisi akaandika: Ziwa moja, limejaa. Halina mwenyewe.

"Na mizinga ile juu ya miti?"

"Kila ukoo una wake."

Akaandika: Asali, nyingi. Wenyewe hawaeleweki.

"Na hapa niliposimama?"

"Hapo ni kitalu cha tangawizi, baba. Tafadhali usikanyage."

Akaandika: Ardhi tupu. Ina magugu yenye harufu nzuri.

"Umesahau kutuandika sisi wenyewe," akasema Mama Nakiete.

Fisi alimtazama kuanzia kichwani mpaka mkiani, ambapo hapakuwa na mkia. Akaandika: Nyama, kidogo kidogo. Kisha akateremka, maana jua lilianza kuwaka na alikwishaona alichotaka kuona.

Siku ya tatu, alasiri, baraza lilikaa mguuni mwa mlima. Fisi alisoma orodha yake kwa sauti nzito, akapumzika baada ya kila mstari ili watu wapige makofi. Alipomaliza akasema, "Mheshimiwa, fursa zipo. Kinachokosekana ni mwekezaji."

"Atapatikana wapi?" akauliza Simba.

"Nimemtafuta kwa bidii sana. Nimeona ni mimi."

Simba akasita. Fisi akaongeza kwamba ziwa lile litaitwa Ziwa Simba, na Simba akaacha kusita.

"Na sisi wenye kiu tutakunywaje?" akauliza Pundamilia.

"Kwa ada. Mguu mmoja kwa kila mnywaji. Wa nyuma, kwa sababu wa mbele una nyama kidogo."

Pundamilia aliitazama miguu yake, mmoja baada ya mwingine, kama anayewaaga ndugu. Mama Nakiete alisimama aseme, kisha akaketi tena. Alikuwa anaifikiria mbegu.

Ndipo Sungura akanyoosha mkono. Sungura hakuwa na shamba mlimani, lakini alikula maharage ya wenye mashamba, kwa hiyo jambo hili lilimgusa.

"Mheshimiwa, mimi naunga mkono," akasema. Pimbi wote wakamgeukia kwa macho ya kuua. "Ila nina hofu na hawa pimbi. Wana mikono isiyotulia. Utawakuta wanachezea jiwe hapa, udongo pale. Wakatazwe kabisa kusogelea ziwa."

"Wakatazwe!" akadakia Fisi. "Asubuhi, mchana na jioni!"

"Hasa jioni," akasema Sungura. "Sasa, pimbi wakishaondoka, ziwa litabaki mikononi mwa mwekezaji peke yake. Likipungua, ajibu nani?"

Fisi akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Nitajibu mimi. Nililiona kwa macho yangu, limejaa mpaka ukingoni. Likipungua hata shubiri moja, Mheshimiwa, nitatoa mguu wangu mwenyewe."

"Wa nyuma?"

"Wa nyuma."

Simba akapiga muhuri kwa wayo wake, na baraza likafungwa.

Njiani Mama Nakiete alimvamia Sungura. "Msaliti wee! Maharage yetu umekula, sasa unatuuza kwa Fisi!"

"Punguza sauti, mama. Leo jioni zamu ya kuziba tundu ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Usizibe. Umekatazwa."

Mama Nakiete akasimama. Akafikiri. "Lakini maji hayatajikusanya. Mashamba ya chini hayatapata hata tone."

"Na yale machache yanayopita yakitokea tunduni, yanafika wapi?"

"Yanaishia kitaluni."

"Basi mbegu itakunywa. Mashamba ya chini yatavumilia siku mbili tatu, na wewe pia utavumilia."

Jioni ile hakuna aliyeziba. Asubuhi Fisi alikuja kulipokea ziwa lake, akakuta tope, na katikati ya tope kijito chembamba kinachoingia huku na kutokea kule. Alizunguka ukingo mara tatu akiinusa hewa. Aliingia ndani akachimba hapa na pale, huenda maji yamejificha. Aliliona tundu, akadhani ni la panya. Siku nzima alilala ukingoni akimvizia mwizi, na asubuhi ya pili tope lilikuwa vilevile. Angeweza kumuuliza pimbi yeyote, naye angejibiwa kwa neno moja. Lakini alikwishaandika kwamba ziwa halina mwenyewe, sasa angemuuliza nani?

Asubuhi ya tatu Simba alipanda mlima kuja kuzindua. Alikuwa ameyachana manyoya yake, na nyuma yake msafara wa wanyama wenye kiu, ndimi nje. Alifika ukingoni akatazama chini.

"Ziwa langu liko wapi?"

"Limeibiwa, Mheshimiwa," akasema Fisi. "Ni hawa pimbi!"

Sungura alishuka mpaka pembeni ya tope, akainama. "Humu kuna nyayo nyingi," akasema. "Zote ni kubwa, zote zina kucha, na zinanuka. Wa pimbi sioni hata mmoja."

Simba naye akainama, akanusa. Akainuka. "Fisi, ulisema likipungua hata shubiri moja."

"Mheshimiwa, ile ilikuwa lugha ya baraza tu."

"Na ulisema mguu wa nyuma."

Fisi hakungoja kuulizwa wa kulia au wa kushoto. Aliporomoka mlimani na miguu yake yote minne, huku akilia kwa sauti mbaya, na hakuacha kukimbia mpaka alipovuka mpaka wa wilaya. Asali hakuionja. Hata tangawizi hakuitafuna.

Wanyama walibaki na kiu yao. Simba akakohoa kidogo, akamgeukia Mama Nakiete. "Mama, shida ya hawa unaiona. Maji yatapatikana?"

"Kesho asubuhi, baba, tundu likizibwa leo jioni. Nasi kwetu anayekunywa ndiye anayeziba. Udongo unachotwa kule bondeni."

Pundamilia akajifanya anatazama mawingu, ambayo hayakuwapo. Simba alisimama pale na manyoya yake yaliyochanwa, akameza mate.

"Nimeagiza udongo uletwe," akasema kwa ukali, kisha akateremka bondeni kulitekeleza agizo yeye mwenyewe. Aliurudisha kwa mdomo, bonge kwa bonge, mpaka kidevu chake kikawa chekundu.

Kulipokucha ndiva ilikuwa imejaa pomoni. Pundamilia, nyumbu na wengine walikunywa kwa zamu, na hakuna aliyeacha mguu. Kitaluni vichipukizi vya tangawizi vilikuwa vimetokeza, vidogo kama ncha za vidole, na Mama Nakiete alipoviona alilia waziwazi bila haya.

Simba aliyatazama maji. "Kumbe mlikuwa mnalijaza nyinyi."

"Kila siku, baba."

"Mbona hamkusema?"

"Nilisema," akajibu Mama Nakiete. "Mwandishi hakuandika."

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.